Nyumba moja, sukari mbili

Nyumbani kwetu wenye sukari ni wawili, mama mkwe wangu na binti yetu wa mwisho, na mtu akiniuliza kipi kinachosha zaidi simwambii sindano wala kupima pima, namwambia maneno. Sindano mtazizoea mapema kuliko mnavyofikiria, hata mtoto anazizoea, lakini maneno ya ndugu kwenye simu, ya wageni, na yetu wenyewe hapo mezani, hayo ndo yanakula moyo kidogo kidogo, na kliniki wanakufundisha kuchoma, kuongea mtajijua wenyewe.

Naanza na hili la kuwa wawili manake ndo linachanganya kila mtu. Bibi (namwita hivyo kwa ajili ya watoto) ana aina ya pili. Kwenye ukoo wao ipo, kwake ilikuja taratibu, kongosho lake bado linatoa insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu, ila mwili hauitikii kama zamani, kwa hiyo anameza vidonge, anatembea jioni, anaangalia anachokula. Binti yetu ana aina ya kwanza, yaani kinga ya mwili wake yenyewe imezishambulia zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini mpaka zimebaki kidogo mno, na bila kuchomwa insulini hawezi kuishi, full stop, hakuna mlo wala mazoezi yanayoziba hiyo nafasi. Na hakuna pipi aliyokula wala juisi tuliyompa akiwa mdogo iliyomletea. Hilo nimeshalirudia sana na bado kuna watu wakimwona na biskuti mkononi wananiangalia mimi kama wanasubiri nijieleze.

Sasa kwa sababu bibi alisaidika sana alipopunguza wanga na kuanza kutembea, ndugu wakaona basi mtoto naye afanyiwe hivyo hivyo. Shangazi yake mume wangu akaja na unga wake wa mizizi, akasema mpeni wiki moja bila sindano mtaona maajabu. Mtu mzima, ametoka mbali, ana nia nzuri, humfokei. Lakini pia humwachii. Mume wangu alikaa naye akamweleza habari ya yule kijana Leonard Thompson kule Toronto, miaka 14, ambaye Januari 1922 alikuwa mtu wa kwanza kuchomwa insulini, ya kwanza haikufanya vizuri kwa vile haikuwa safi, wakaisafisha, siku chache baadaye wakarudia na sukari ikashuka kweli, akaishi miaka 13 mingine. Kabla ya hapo, akamwambia, tiba ya watoto kama huyu ilikuwa kuwanyima chakula ili wasogeze siku, na walikuwa wanakufa tu. Shangazi akanyamaza muda, kisha akauliza, kwa hiyo hii sindano ndo chakula chake? Mume wangu akamjibu bora shangazi uichukulie hivyo hivyo. Unga ameuacha lakini, uko kabatini juu kabisa, hatujautupa kwa heshima yake na hatuutumii.

Kichekesho kingine kilikuwa mashine. Ya bibi inasoma kwa milimoli, ya mtoto inasoma kwa miligramu, na mwanzoni hakuna aliyetuambia kwamba kuna vipimo viwili duniani. Bibi amezoea kuona 7 na ushee kwake na anajua 15 ni hatari, siku moja anamsaidia mjukuu kusoma anaona 130, alipiga ukelele jirani wakatoka. Kumbe 130 ya mtoto ni sawa na 7.2 ya bibi, unagawa kwa 18 basi. Tangu hapo kila mashine ina karatasi nyuma imeandikwa kwa kalamu nene namba za kuogopa kwa lugha yake yenyewe: chini ya 70 kwa ya mtoto, chini ya 3.9 kwa ya bibi. Kama nyumba yenu ina mashine zaidi ya moja angalieni hilo leo hii, hasa kama kuna mtu wa kumshikia mgonjwa zamu, dada wa kazi au binamu aliyekuja likizo.

Halafu kunawa mikono. Naona watu wanalidharau. Mtoto amemenya tunda, anapima, inasoma 260, nyumba nzima inasimama, ananawa kwa sabuni anapima tena inasoma 140. Sukari ilikuwa kidoleni. Ukikimbilia kumpa dozi ya kushusha ile 260 ambayo haipo, hapo ndo unamtengenezea shida ya kweli.

Tuje kwenye lile swali la "una ngapi". Mtoto anaingia kutoka shule hajavua begi, mama anauliza una ngapi, kaka anauliza una ngapi, bibi kutoka chumbani, ana ngapi huyo? Nesi mmoja kliniki aliwaambia wazazi tuliokuwa tumekaa pale kwenye benchi kwamba watoto wengi wanaoanza kuficha namba au kutunga namba za kuandika kwenye daftari hawajaanza kwa ukorofi, wameanza kwa kuona kila namba inabadilisha sura ya mama. Mimi nililibeba lile neno nikarudi nalo nyumbani. Kwetu sasa salamu kwanza, habari za shule kwanza, namba itakuja, na ikija inapokelewa kama taarifa. 300 haimaanishi kwamba mtoto ni mbaya, inamaanisha kuna insulini inahitajika au hesabu ya wanga haikukaa vizuri au ana mafua yanakuja au ana mtihani kesho, manake stresi nayo inapandisha, na wakati mwingine bana haimaanishi chochote unachoweza kukiona. Alikula kile kile cha jana, akachoma ile ile ya jana, na jibu likaja tofauti. Ukitafuta mkosaji kila siku utampata kila siku, na atakuwa ni mtoto.

Kushuka ndo kunahitaji haraka na hapo hatuna majadiliano. Ikiwa chini ya 70, kitu chenye sukari ya haraka kiasi cha gramu 15, nusu glasi ya juisi au kijiko kikubwa cha sukari kwenye maji au vidonge vya glukosi vitatu vinne, unasubiri dakika 15, unapima tena, bado iko chini unarudia. Chokoleti hapana, mafuta yake yanaichelewesha sukari kuingia kwenye damu. Na hizo dakika 15 nakwambia ni ndefu, manake mwili wa mtu aliyeshuka unamwambia kula kila kitu kilichopo, na akiusikiliza mwili, baada ya saa moja yuko 350. Kazi ya mtu wa pembeni ni kukaa naye tu, kuongea kitu kingine, kumshikilia asirudi jikoni. Kaka yake ni fundi wa hii kazi kuliko sisi wote, anamletea stori za mpira mpaka dakika zinaisha.

Bibi akishuka anatoka jasho na mikono inatetemeka, unamwona. Zamani akitumia metformini peke yake alikuwa hashuki, ni baada ya kuongezewa vile vidonge vingine vinavyolisukuma kongosho litoe insulini ndo tukaanza kuona, hasa akimeza halafu akasema hana hamu ya kula. Kwa hiyo kwa bibi swali letu si "umemeza dawa?", ni "umekula?".

Binti yetu yeye akishuka anakuwa mkali. Sura inabadilika, anajibu vibaya, analia bila sababu. Na hapa ndo kuna jambo ambalo sijaona watu wakilizungumzia sana. Ukishajua kwamba ukali ni dalili, kila ukali unaanza kuuona ni dalili. Mtoto kakasirika kwa sababu kaka yake kavunja kitu chake, mnamwambia kapime sukari. Kakasirika kwa sababu mmemnyima ruhusa ya kwenda kwa rafiki, kapime sukari. Siku moja akapima kweli, 112, akaja akaniwekea mashine mbele yangu akasema mama, sukari iko sawa, mimi nimekasirika tu, naruhusiwa kukasirika? Yaani hebu fikiria wewe mtu mzima kila ukilalamika unaambiwa nenda kapimwe kwanza. Tulikubaliana kitu: yeye anapima, kwa sababu hatuwezi kubahatisha, lakini namba ikiwa sawa basi kile alichokuwa anakilalamikia kinarudi mezani na mimi nakisikiliza mpaka mwisho, siruhusiwi kusema tumeshamaliza. Limeongeza kelele nyumbani, sitadanganya. Ila anapima bila kugombana.

Chakula nitapita haraka kwa sababu ndo kitu kila mtu anapenda kukitolea ushauri. Hatuna chakula cha mgonjwa. Sufuria ni moja, tunapunguza sukari na wanga wa kupitiliza kwa wote, mboga zinaongezeka kwa wote, binti anahesabu wanga ulioko kwenye sahani yake anachoma kulingana nao, bibi anapakua kidogo. Keki ya sherehe anakula kama watoto wengine, anaihesabia insulini. Soda ya kawaida inakaa ndani kwa ajili ya kushuka tu na wote wanajua ile ni dawa, na hapo kaka yake aliwahi kulalamika kwamba yeye hana ugonjwa lakini ndo ananyimwa soda. Alikuwa na hoja. Anakunywa akiwa na wenzake, hatumuulizi.

Huyu kaka nimtolee maneno machache. Watoto wasioumwa wa nyumba yenye mgonjwa wanakaa kimya sana na watu wanawasifia "mtoto huyu mwelewa", sio uelewa huo siku zote, mwingine ameona mama amechoka kaamua asiwe mzigo. Wetu tuligundua kwamba alikuwa akipata kiu anaogopa, akienda kukojoa mara mbili usiku anaogopa, anadhani na yeye inamjia, na hakutaka kuuliza. Baba yake alimchukua akamwelezea kwamba haiambukizi, kwamba ndugu wa mwenye aina ya kwanza uwezekano wake ni mkubwa kidogo kuliko wa watu wengine lakini wengi wao hawaipati kabisa. Tukampima mbele yake akaona. Anajua glukagoni, ile sindano ya dharura ya kupandisha sukari, inapokaa, anajua mtu akizimia humpi kitu mdomoni, unamlaza ubavu, unachoma glukagoni, unaita msaada. Lakini kazi moja tumekataa asipewe: kupeleleza. Bibi alikuwa anamwambia ukimwona anakula kitu njiani uniambie. Nikamwambia mama, naomba hiyo isiwepo, hawa ni ndugu watakaozikana, nisingependa mmoja awe askari wa mwenzake. Alinielewa, ingawa ilimchukua muda na alinuna kidogo.

Usiku. Ndoa yangu mimi nadhani inapimwa saa nane usiku. Mtoto akicheza sana mchana sukari inaweza kushuka masaa mengi baadaye, misuli inaendelea kuvuta sukari akiwa amelala fofofo, kwa hiyo siku ya michezo ndo siku ya kutolala. Tumepata sensa sasa, kifaa cha kubandika mkononi kinachosoma sukari chenyewe na kutuma namba kwenye simu, inasaidia mno, ila nayo ina vituko vyake. Haipimi damu, inapima majimaji ya chini ya ngozi, inachelewa dakika kadhaa nyuma ya damu, na mtoto akiulalia ule mkono inashuka kwenye simu inalia alamu wakati yeye yuko salama kabisa. Kwa hiyo unaamka, unamgeuza, unatoboa kidole kuhakikisha, unarudi kitandani macho makavu. Mimi na baba yao tumegawana usiku, leo mimi kesho yeye, na sheria yetu ni kwamba aliyelala usiku huo, asubuhi haruhusiwi kukosoa alichoamua aliyekuwa macho. Umempa juisi akaamka na 220? Sawa. Asante kwa kuamka. Hiyo sheria imeokoa mengi kuliko sensa.

Siku za kuumwa ndo siku bibi na mimi tulikaribia kukosana kweli. Mtoto ana homa, anatapika, hajala tangu asubuhi, na mimi naandaa insulini. Bibi akasimama mlangoni, mwanangu, hajala, unamchoma ya nini? Na ukiangalia kwa dawa zake yeye bibi ana haki, maana yeye ameambiwa asipokula kuna vidonge asimeze bila kuuliza. Lakini mtoto wa aina ya kwanza akiumwa mwili unamwaga homoni zinazopandisha sukari, ini linatoa sukari yake lenyewe hata tumbo likiwa tupu, na bila insulini mwili unaanza kuchoma mafuta, zinatoka ketoni, damu inakuwa na asidi, na hapo ni hospitali na inaweza kuwa kifo. Dozi inaweza kubadilishwa kwa kuongea na daktari, kuiacha kabisa hapana, hasa ile insulini inayofanya kazi muda mrefu. Sikumweleza yote hayo siku ile, nilimwambia tu mama niamini kwa leo kesho tutaongea. Alipopona tulikaa watatu na kile kikaratasi cha kliniki, tukabandika kwenye friji: akiumwa, sukari ikikaa juu ya 250, pima ketoni, maji kidogo kidogo kila wakati, akitapika bila kukoma, tumbo likiuma, akipumua kwa nguvu na haraka, pumzi ikinuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, tunaondoka, hatusubiri asubuhi wala hatusubiri baba arudi. Bibi ndo aliyebandika.

Friji hiyo hiyo ndo inatunza insulini, kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na sehemu ya barafu maana ikiganda imekufa hata ikiyeyuka ikaonekana nzuri. Iliyofunguliwa inakaa nje mahali pasipo na joto kali, nyingi ni kama wiki nne, unaandika tarehe uliyoifungua. Kwenye gari lililoegeshwa juani hata usijaribu.

Bibi na vipimo vya kliniki wana mambo yao. Ikikaribia siku ya kliniki anakuwa mtawa, hagusi kitamu, anatembea mara mbili, asubuhi anapima kabla ya kula inasoma vizuri anafurahi, kisha daktari anafungua kile kipimo cha HbA1c ambacho kinaonyesha wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita na siri zote ziko pale. Anarudi amenuna. Lakini daktari wake aliwahi kumwambia kitu nikakipenda, kwamba kwa umri wake hawamkazii kipimo hicho kifike chini ya asilimia 7 kama watu wazima wengi wanavyokaziwa, wako radhi awe juu kidogo kuliko ashuke, aanguke bafuni, avunje nyonga. Kwa hiyo kumlinganisha na mjukuu wake ni kazi bure, namba ya huyu haimhusu yule, na hata dozi yao hawagusiani, tumelisema hilo mpaka limekuwa wimbo.

Wanachogusiana ni mambo mengine. Bibi miguu imeanza ganzi, hasikii kijiwe kikiwa ndani ya kiatu, maji ya moto yanaweza kumuunguza asijue, na kujikagua nyayo mgongo haumruhusu. Hiyo kazi ameichukua mjukuu. Kila jioni anamwangalia kati ya vidole, nyayo, visigino, anakung'uta viatu kabla bibi hajavaa, na kuna siku aliona lengelenge ambalo bibi mwenyewe hakuwa na habari nalo, likatibiwa likiwa dogo. Na bibi naye ana zamu yake, anahesabu mahali pa kuchoma. Mtoto anapenda pale pale kila siku kwa sababu pamezoea hapaumi, lakini pakichomwa sana panavimba uvimbe wa mafuta na insulini haiingii sawa, sukari inayumba bila kueleweka. Bibi amechora mwili kwenye daftari, tumbo kulia, tumbo kushoto, paja, mkono, anaweka alama, na akidanganywa anasema nyanyua blauzi nione. Mimi hiyo daftari siiulizi kabisa, ni yao.

Sasa hivi binti anaingia umri wa ujana, homoni zimeshaanza kuipandisha sukari asubuhi bila mpango, na yeye ameanza kuidai sukari yake. Ombi lake la juzi ni kwamba simu yangu isipokee namba za sensa akiwa shule. Tumebishana, tumefika hapa: nitapata alamu ya chini ya 70 na ya juu ya 300 basi, katikati ya hapo ni mambo yake mpaka jioni, na nikipata alamu nampa muda ashughulike kwanza ndo nitume meseji, na meseji yenyewe isiwe na alama za mshangao. Hilo la alama za mshangao alilisisitiza yeye. Kulala kwa rafiki yake bado hatujakubaliana, baba yake amesema ndiyo, bibi amesema labda nife kwanza, mimi nimesema mama wa yule rafiki aje hapa jioni moja ajifunze glukagoni, na amekubali kuja Jumamosi.